Macho Katika Rauta

Mteja wa sita hakuondoka kwa hasira asubuhi ile ya Jumatatu. Aliomba radhi, akachukua kitambulisho chake na karatasi zake mbili, akavuka barabara kwenda kwa Kiama. Hilo ndilo lililomuumiza Kaveke zaidi. Mtu akikugombeza unaweza kumjibu. Lakini mtu anayekuomba radhi kwa sababu huduma yako ni mbovu hukuachia aibu peke yako, nawe hujui uiweke wapi.

Saiba yake ilikuwa Kitengela, kando ya barabara ya Namanga, chumba kimoja kirefu chenye kompyuta kumi na mbili na mashine ya kuchapisha. Kwa wiki tatu sasa intaneti ilikuwa imezorota. Ukurasa uliokuwa ukifunguka mara moja ulichukua muda wa mtu kunywa kikombe cha chai. Watu waliokuja kujaza ritani za kodi au kuomba cheti cha tabia njema walikaa wakitazama kiduara kikizunguka, kisha wakatazama ng'ambo, kwenye mlango wa kioo wa saiba ya Kiama. Kaveke naye aliutazama mlango ule mara nyingi kuliko alivyopenda kukiri. Alikuwa amefikia hatua ya kuhesabu viatu vilivyoingia mle.

Hata hivyo, wateja wa kupita hawakuwa jambo kubwa la juma lile. Siku ya Ijumaa chuo kimoja cha Kajiado kingemtuma afisa wake kuipima saiba. Kama kompyuta zote kumi na mbili zingebeba mtihani wa majaribio kwa pamoja bila kukwama, wanafunzi wa chuo hicho waishio Kitengela wangefanyia mitihani yao pale kwa miaka miwili. Kama zingekwama, kazi ingekwenda kwa Kiama, na Kaveke alijua kwamba hapo angefunga duka kabla ya Krismasi. Alikuwa amemweleza mumewe jambo hilo kwa maneno hayohayo, bila kuongeza wala kupunguza.

Fundi Maweu alifika saa nne akiwa na mkoba wake wa zana. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwenye mazoea ya kupangusa viatu mlangoni hata wakati wa kiangazi. Alimsalimu Kaveke kwa Kikamba, Kaveke akajibu kwa Kikamba, wakasema mambo mawili matatu wakacheka. Kisha akamgeukia Parsaoti, mume wa Kaveke, aliyekuwa ameketi pembeni na gazeti, akamwinamishia kichwa kama vijana wa Kimaasai wanavyowafanyia wazee. Parsaoti alikawia kunyoosha mkono. Alipounyoosha, alikigusa kichwa kile kama mtu anayejaribu pasi kuona kama ina moto.

Maweu alifanya kazi yake kwa utaratibu. Alichomeka kompyuta yake ya mkononi moja kwa moja kwenye kisanduku cha kampuni ya intaneti, akapima. Kisha akaichomeka kwenye rauta, mashine inayogawa intaneti kwa kompyuta zote, akapima tena. Akabadilisha waya. Akabadilisha tundu. Akachomoa kompyuta zote kumi na mbili, akabakiza yake tu, akapima mara ya nne.

"Mama Yvonne, kuja uone," alisema. "Hapa kwa boksi ya kampuni spidi iko hamsini na nane. Nikipitisha kwa rauta inatoka tatu. Tatu, na hakuna mtu mwingine anatumia."

"Kwa hivyo kampuni haina makosa."

"Haina. Waya pia ni mzima. Shida iko ndani ya rauta, na siwezi kuingia ndani. Paswadi yenye uliandika kwa kitabu inakataa."

Kaveke alileta daftari, akaisoma paswadi herufi kwa herufi, nayo ikakataa. Maweu alieleza kwamba kulikuwa na kitufe kidogo cha kufuta kila kitu, lakini mipangilio ya mtihani ambayo watu wa chuo waliiweka mwezi uliopita ingefutika pia, na hawangerudi kuiweka kabla ya Ijumaa. Kununua rauta nyingine hakungesaidia, kwa kuwa namba ya ile iliyokuwapo ilikwisha kuandikwa katika fomu za chuo.

"Ni siku ya tatu unakuja, kijana," Parsaoti alisema bila kushusha gazeti. "Kwetu ng'ombe akiugua siku tatu, tunatafuta daktari mwingine."

"Mzee, huyu ng'ombe si mgonjwa," Maweu alijibu kwa adabu. "Kuna mtu anamkamua kabla yetu."

Wateja wawili waliobaki walicheka, na Kaveke akacheka pamoja nao. Kisha Kaveke akasema jambo kwa Kikamba, na Maweu akacheka peke yake. Parsaoti alilikunja gazeti mara mbili, akalikunja tena mara ya tatu, akatoka nje.

*

Parsaoti Simel hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, mtu wa kanisa, aliyemlea binti yake Yvonne hadi chuo kikuu bila kumnyima kitu. Ndume aliyeuzwa kununua rauta ile alikuwa bora kati ya ndume zake, naye alimuuza bila kunung'unika. Lakini wivu ulikuwa umemwingia tangu Februari, siku alipofika saiba akamkuta mkewe na Maweu wakizungumza lugha asiyoijua, wakicheka hadi Kaveke akafuta machozi kwa kanga. Katika miaka ishirini na mbili ya ndoa hakukumbuka kumchekesha mkewe hadi machozi. Hakuuliza walichokuwa wakicheka. Mtu wa heshima yake hakuona vema kuuliza.

Badala yake, Jumapili moja Kaveke alipokuwa kanisani, Parsaoti alimleta Lemein, kijana fundi wa simu kutoka Kajiado, akamfungulia saiba kwa ufunguo wa akiba.

Sasa ilikuwa Jumatano, siku ya mnada, na Parsaoti alikuwa Kajiado. Aliwauza mbuzi wake upesi kuliko kawaida, kwa bei ya chini ambayo wenzake waliisema pembeni, kisha akapanda hadi kwenye kibanda cha Lemein, karibu na ofisi za kaunti. Kijana huyo alikuwa akiuza simu na kuzitengeneza. Walisalimiana kwa Kimaasai, Lemein akatoa bahasha ya kaki chini ya meza. Ndani mlikuwa na karatasi sita zilizochapishwa: kila mahali simu ya Kaveke ilipoingia mtandaoni, pamoja na saa na dakika.

Parsaoti alivaa miwani. Alisoma kwa kidole. Palikuwa na tovuti ya kodi, tovuti ya bodi ya elimu, mahubiri, bei za wino. Na palikuwa na mtandao wa kutumiana ujumbe, mara arobaini na moja kwa wiki moja.

"Hapa," alisema. "Hizi arobaini na moja alikuwa anaongea na nani?"

"Hiyo haionyeshi, mzee. Inaonyesha ameingia tu."

"Na saa nane mchana Jumatatu? Yule fundi alitoka saa nane kasoro."

"Mzee, hata mimi niko ndani ya hiyo mtandao saa nane. Nyanya yangu yuko ndani." Lemein alisita, akaichezesha bisibisi mkononi. "Lakini kuna kitu lazima nikuambie. Hiyo rauta ni ndogo. Nikiiambia isome kila kitu kinapita, inachoka. Hiyo ndiyo imepunguza spidi huko kwenu. Tukizima hii kitu ya kuchunga, spidi inarudi hapo hapo. Dakika moja."

Parsaoti alivua miwani. Aliwaza juu ya Ijumaa, akamwaza Kaveke akihesabu viatu vya watu. Angesema neno moja tu, na jambo lingekwisha pale kibandani, bila mtu yeyote kujua. Lakini alimwona pia Maweu, amepiga magoti mbele ya rauta asiyoiweza, siku ya nne, siku ya tano, na Kaveke amesimama nyuma yake akianza kuelewa kwamba fundi wake si fundi. Picha hiyo ilimpendeza. Ilimpendeza kiasi cha kumfanya aitazame mara ya pili.

"Iache," alisema.

"Mzee, mama ako na mtihani Ijumaa. Uliniambia mwenyewe."

"Nimesema iache. Nikitaka izimwe nitakupigia."

Lemein alimwandikia ile paswadi mpya ya rauta nyuma ya risiti, kwa tahadhari tu, yenye herufi kubwa na ndogo na alama mbili ambazo Parsaoti hakuzijua majina. Parsaoti aliitia katika mfuko wa koti, akateremka kwenda kupanda basi. Ile bahasha ya kaki aliikumbatia kifuani njia nzima hadi Kitengela.

*

Alhamisi wakati wa chai ya asubuhi, Kaveke alimwambia mumewe kwamba amemwita Maweu arudi kesho kabla ya mtihani, asiondoke mpaka afisa wa chuo amalize.

"Atashinda hapa tena?"

"Atashinda mahali mashine iko, Baba Yvonne. Unataka ashinde wapi?"

"Mimi nasema tu. Fundi anajua shida ikiisha na yeye hataitwa."

Kaveke aliweka kikombe chini. Alimtazama mumewe kwa muda, kama anavyomtazama mteja aliyeleta cheti chenye tarehe iliyofutwafutwa.

"Kama uko na jambo, sema," alisema.

"Sina jambo."

"Basi kunywa chai."

Alikunywa. Ilikuwa imepoa, na hakuomba nyingine.

*

Afisa wa chuo, Bi. Nakhumicha, alifika Ijumaa saa tano kamili. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya upole na saa kubwa ya mkononi aliyoitazama kila baada ya sentensi. Alizikagua kompyuta, akaisifu saiba kwa usafi wake, akaomba kiti. Kaveke alikuwa amevaa gauni la kanisani. Parsaoti hakwenda kwenye shughuli zake za mifugo siku hiyo. Aliketi mahali pake pembeni, amevaa koti.

Mtihani wa majaribio ulianza. Katika dakika ya pili kompyuta tatu zilikwama. Katika dakika ya tano zilikuwa zimekwama tisa, na zile tatu zilizosalia zilionyesha swali la kwanza nusu, sentensi imekatika katikati.

Bi. Nakhumicha alitazama saa. Alisema, kwa upole uleule, kwamba sheria inamruhusu kurudia mara moja baada ya nusu saa. Kwamba kuna kituo kingine ng'ambo ya barabara alichopaswa kukiona vilevile. Na kwamba angeanza na hicho wakati wao wakijaribu. Alipoinuka, Kiama alikuwa amekwisha kusimama mlangoni kwake, ameushika mlango wa kioo ukiwa wazi, akitabasamu kama mwenye arusi.

Maweu alikuwa amepiga magoti mbele ya rauta. Jasho lilimtoka shingoni.

"Mama Yvonne, hii si ugonjwa," alisema. "Kuna mtu aliingia hapa akabadilisha paswadi. Mtu alikaa mahali nimekaa."

"Muulize fundi wako vizuri," Parsaoti alisema. "Ni nani mwingine anashika hiyo mashine? Mimi nashika ng'ombe."

Kaveke aligeuka akamtazama Maweu, na macho yake, kwa mara ya kwanza tangu amjue, yalikuwa na swali. Maweu aliliona. Alianza kurudisha zana zake mkobani, moja moja, kila moja mahali pake.

Hicho ndicho Parsaoti alichokuwa amekitamani kwa wiki tatu. Kilimjia chote kama alivyokiwaza: fundi amefedheheka, mke amemtilia shaka. Alingojea furaha yake ifike. Lakini kupitia dirishani alimwona Kiama akimvutia Bi. Nakhumicha kiti, akimmiminia maji katika bilauri, akigeuka kutazama upande wao. Parsaoti akahisi moto mwingine kabisa, mkali zaidi ya ule wa kwanza. Mtu yule angeyapata yote. Angelipata hata lile alilolipia yeye kwa ndume wake.

Alisimama, akatoa simu, akatoka nje kumpigia Lemein. Lemein hakuwa kibandani kwenye kompyuta yake, kwa hiyo ilibidi mtu azime palepale kwenye rauta kwa ile paswadi. Barabarani malori ya saruji yalikuwa yakipita mfululizo, na masikio yake hayakuwa kama zamani. Aliitoa risiti mfukoni akaitazama. Zile alama mbili zilimkodolea macho. Alimsikia Lemein akisema "kubwa" na "ndogo", lakini hakujua ipi ni kubwa na ipi ni ndogo. Dakika kumi na mbili zilikuwa zimepita. Alirudi ndani, akamsogelea Maweu, akaiweka risiti juu ya meza na simu kando yake, akaibonyeza ipaze sauti.

"Kuna kijana hapa anajua hiyo paswadi," alisema bila kumtazama mtu. "Msikilize uandike."

"Haya, mzee, uko hapo?" Sauti ya Lemein ilijaza chumba. "Nimefurahi umeamua tuzime ile ya kuchunga mama. Nilikuambia tangu Jumatano ndiyo inakula spidi. Kwani ulimpata na yule fundi?"

Mashine ya kuchapisha ilitoa karatasi moja ya mtu fulani, ikanyamaza. Mteja aliyekuwa karibu na mlango aliinamia viatu vyake.

"Soma paswadi," Parsaoti alisema.

Lemein aliisoma. Maweu aliiandika akiwa ameinamisha kichwa, akiuliza tu pale palipohitaji kuulizwa: hiyo ni kubwa, hiyo ni namba au herufi. Aliingia. Alikuta mahali palipoandikwa jina la simu ya Kaveke, na pembeni yake tarehe, Jumapili ya wiki tatu nyuma. Kaveke alikuwa amesimama nyuma yake akisoma. Aliisoma tarehe ile, na bila shaka akakumbuka alikuwa wapi siku hiyo na alikuwa akimwombea nani. Maweu alizima. Akapima.

"Hamsini na sita," alisema.

Hakuna aliyepiga makofi.

*

Mtihani wa pili ulipita kwenye kompyuta zote kumi na mbili bila moja kukwama. Bi. Nakhumicha alirudi kwenye kiti chake, akafungua jalada, akaanza kujaza fomu kwa mwandiko mdogo safi. Maweu alikuwa amesimama mlangoni na mkoba begani, akingoja kuruhusiwa. Kaveke alimwomba asiondoke.

Kisha akaketi mbele ya rauta, akamwomba Maweu ampeleke mahali pa kubadilisha paswadi, na akamwomba ageuke. Maweu aligeuka. Kaveke akamtazama mumewe, akangoja, mpaka Parsaoti naye akageuka. Wakasimama hivyo, wanaume wawili wakitazama ukuta mmoja, huku vidole vya Kaveke vikigonga vibonye polepole.

"Mtunza paswadi ya chumba cha mtihani ni wewe," Bi. Nakhumicha alisema. "Sheria inataka na msaidizi, siku ukiugua. Wengi huandika mume au mke."

"Andika Maweu Munguti," Kaveke alisema.

"Si mtu wa kupita? Ni mtu unamjua?"

"Ni wa ukoo wangu. Sisi ni Anzauni wote wawili. Kwetu huyu ni ndugu yangu, hata kama tungekutana leo mara ya kwanza. Tulijuana Februari, nikamuuliza watu wake, tukapata babu zetu walilima shamba moja. Hayo ndiyo tunayacheka kila siku, wale wazee na ujinga wao." Aliyasema yote akimtazama Bi. Nakhumicha. "Hakuna mtu alituuliza."

Parsaoti hakuhitaji kufafanuliwa. Alipokuwa na miaka ishirini alimpenda msichana kutoka Entarara, kisha ikajulikana kwamba baba ya msichana ni wa ukoo wake. Jambo hilo lilikwisha siku hiyohiyo, bila ugomvi wala machozi, na tangu siku hiyo alimwita dada. Sheria ile, kwamba watu wa ukoo mmoja hawaoani, aliijua kuliko jina lake mwenyewe. Hakuwahi kufikiri kwamba watu wengine nao wanayo.

"Basi," Bi. Nakhumicha alisema, akiigeuza fomu. "Nahitaji shahidi mmoja, mtu mzima anayemfahamu msaidizi. Aandike kwa mkono wake."

"Mume wangu yuko hapa," Kaveke alisema.

Parsaoti alisogea mezani. Bi. Nakhumicha alimpa kalamu na kumwonyesha mahali. Sentensi ilikwisha kuchapishwa, na nafasi mbili zimeachwa wazi: *Mimi* — nafasi — *nashuhudia kwamba* — nafasi — *ni mtu mwaminifu, ambaye naweza kumkabidhi mali yangu.*

Aliandika jina lake katika nafasi ya kwanza, kwa mwandiko wa mlalo aliofunzwa shuleni. Alipofika kwenye nafasi ya pili, kalamu ilisimama. Alikuwa amelisema jina la Maweu moyoni mwake mara nyingi kuliko jina la mtu yeyote mwaka ule, na sasa aligundua kwamba hakuwa na hakika linavyoandikwa pamoja na la babake.

"Jina la baba yako umesema ni nani?" aliuliza.

"Munguti, mzee," Maweu alisema, akasogea karibu ili amtajie herufi moja baada ya nyingine.